Wasomaji Wauliza: Kapadokia, Nguzo za Mwamba na Nyumba za Mapangoni

Toleo lililopita tulichapisha picha za Kapadokia, eneo la katikati ya Uturuki lenye minara ya mwamba na makazi yaliyochongwa ndani ya mawe. Barua zimemiminika, na furaha yetu ni kwamba nyingi zinauliza mambo ya kumfaa msafiri kweli: magoti, pumu, viza, vumbi la chumbani. Hapa tumejibu zile ambazo majibu yake yatawasaidia na wengine. Majina ya wasomaji tumeyaacha, tumebakiza miji yao.

Hamjambo wahariri. Nafundisha jiografia. Wanafunzi wangu wameona picha zenu na wameshikilia kwamba nguzo zile zilijengwa na watu, kwa kuwa kila moja ina "kofia" juu. Niwaeleze vipi?
*Mwalimu, Njombe*

Hatujambo, mwalimu. Waambie hakuna fundi aliyezijenga. Kazi ya watu ni yale madirisha na milango iliyotobolewa baadaye. Mamilioni ya miaka iliyopita volkano za eneo hilo zililipuka mara kwa mara na kumwaga majivu ya moto yaliyotanda juu ya nchi, tabaka juu ya tabaka, hadi yakashikana na kuwa mwamba laini uitwao tufu. Mlima Erciyes (mita 3,917) na Mlima Hasan (mita 3,268), inayoonekana kwa mbali siku isiyo na ukungu, yote ni volkano. Hata hivyo sehemu kubwa ya majivu hayo ilitoka kwenye volkano za kale zaidi ambazo zimekwisha kuzikwa na leo huwezi kuzitambua kama milima.

Tabaka hizo hazilingani ugumu. Juu kuna mwamba mgumu, pengine basalti, na chini yake tufu laini. Maji ya mvua na theluji huingia kwenye nyufa za tabaka la juu; usiku wa baridi kali yanaganda, na maji yakiganda hutanuka, kwa hiyo ufa unapanuka kila msimu. Uwanda hukatika vipande vipande. Kipande chenye jiwe gumu juu kinakingwa na mvua kama kwa mwavuli, huku tufu iliyokizunguka ikioshwa na kushuka bondeni. Kinachobaki ni nguzo yenye kofia. Kofia ikidondoka, nguzo huchongoka haraka na mwishowe huisha. Pale Paşabağı, kilomita chache kutoka mji mdogo wa Göreme, hatua zote hizo zinaonekana kwa pamoja: nguzo changa ambazo bado zimeshikamana na ukuta wa bonde, zilizokomaa zenye kofia (mojawapo ina vichwa vitatu na chumba cha mtawa kilichochongwa ndani), na zile zilizopoteza kofia ambazo sasa ni vichuguu tu.

Huhitaji vifaa kuwaonyesha jambo hili. Subirini mvua kubwa, kisha mwende sehemu ya uwanja yenye udongo mtupu na kokoto, hasa chini ya bati linalotiririsha maji. Mkiinama na kutazama kwa karibu, mtakuta kokoto nyingi zimesimama kila moja juu ya kijinguzo chake cha udongo, urefu wa ukucha hivi. Ni kazi ileile, kwa kipimo kidogo. Na kwa kuwa mko Njombe, barabara kuu ya kwenda Iringa itawafikisha Isimila, yapata kilomita 20 kabla ya Iringa mjini. Nguzo za pale hazikutokana na majivu ya volkano, ni mashapo ya kale yaliyokatwa na maji. Lakini mwanafunzi akizitazama ataelewa Kapadokia bila pasipoti, na zana za mawe za binadamu wa kale zipo palepale.

Mimi na mume wangu tunapanga kwenda kwa mara ya kwanza. Siku ngapi zinatosha, tutue uwanja gani, na viza inapatikanaje?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Dada, laleni siku tatu hadi nne. Wanaokwenda kwa siku moja hupitishwa mbio kwenye vituo sita, na kimojawapo huwa ni duka la mazulia.

Kwanza viza. Tovuti ya serikali ya Uturuki ya viza za mtandaoni ni evisa.gov.tr, zipo nyingine nyingi zinazofanana nayo zinazotoza ada ya juu kwa kazi hiyohiyo. Ukichagua nchi iliyotoa pasipoti yako, itakuambia masharti yako papo hapo. Kwa raia wa nchi nyingi za Afrika viza hiyo ya mtandaoni hutolewa kwa masharti, kwa mfano uwe tayari na viza hai au kibali cha ukaazi cha nchi za Schengen, Uingereza au Marekani. Asiyekuwa navyo huomba viza ya kawaida kupitia ubalozi, na hiyo huchukua muda, basi msinunue tiketi kwanza.

Turkish Airlines inafika Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi, Entebbe na Kigali, zote zikipitia Istanbul. Kutoka Istanbul kuna ndege ya ndani ya saa moja na kitu kwenda Kayseri (yapata kilomita 75 kutoka Göreme) au Nevşehir (yapata 40). Kayseri ina ndege nyingi zaidi. Hapa ndipo watu wanapokwama: Istanbul ina viwanja viwili, kimoja upande wa Ulaya na kingine, Sabiha Gökçen, upande wa Asia. Tiketi ya bei rahisi ya kwenda Kayseri mara nyingi huondokea Sabiha Gökçen, na wewe umetua upande wa pili wa mlangobahari. Safari ya barabara kati ya viwanja hivyo ni saa moja na nusu au zaidi foleni ikiwapo. Angalieni jina la uwanja kabla ya kulipa, na kama mnaweza, nunueni safari nzima kwenye tiketi moja ili mizigo iende moja kwa moja.

Basi la usiku kutoka Istanbul huchukua saa 10 hadi 12. Tiketi iandikwe "Göreme". Ikiandikwa "Kapadokia" tu, mnaweza kushushwa kituo cha Nevşehir alfajiri na kujikuta mmezungukwa na mawakala wa ziara.

Saa zenu msizibadilishe: Uturuki inatumia saa za Afrika Mashariki mwaka mzima. Ila bebeni adapta, kwani soketi za kule ni za pini mbili za mviringo na plagi zetu za pini tatu haziingii.

Mkifika, gaweni siku hivi: siku moja kwa makumbusho ya wazi ya Göreme, ngome ya mwamba ya Uçhisar na Paşabağı, siku ya pili kwa mji wa chini ya ardhi na bonde la Ihlara, ambako ni mbali na kunahitaji gari, siku ya tatu kutembea kwa miguu mabondeni. Mawakala wa pale huita ziara ya kwanza "nyekundu" na ya pili "kijani". Kabla ya kulipa muulize wakala mambo matatu: tiketi za viingilio zimo? Chakula kimo? Tutasimama kwenye maduka mangapi? La tatu ndilo linaloamua kama mtapata saa mbili Ihlara au dakika arobaini.

Nauli ya Januari iko chini, nataka kwenda kipindi hicho hasa kwa ajili ya kupanda puto la hewa ya moto. Rafiki yangu alikaa siku mbili na puto halikuruka. Nifanyeje lisinitokee na mimi?
*Msomaji, Arusha*

Ndugu, hakuna malipo yanayonunua upepo mzuri. Ruhusa ya kuruka haitolewi na kampuni; inatolewa na mamlaka ya usafiri wa anga ya Uturuki, asubuhi ya siku yenyewe, kwa kutazama upepo, ukungu na mvua. Ikikataa, hakuna puto hata moja linalopaa. Wakala anayekuahidi "kuruka lazima" anakudanganya, umwache aende zake.

Unachoweza kufanya ni kujipa asubuhi nyingi. Weka nafasi ya puto asubuhi yako ya kwanza kabisa, ili ikiahirishwa usogezwe kesho yake, na kesho kutwa. Wanaoweka siku ya mwisho ndio wanaoondoka mikono mitupu. Majira ya baridi siku za kuahirishwa huwa nyingi kuliko kiangazi. Kwa Januari tenga asubuhi tatu au nne. Aprili hadi Juni na Septemba hadi Oktoba hali ni nzuri zaidi, lakini bei hupanda, na hupanda sana. Bei hutajwa kwa euro na hubadilika kulingana na siku, kwa hiyo linganisha kampuni mbili tatu.

Kabla ya kulipa, pata kwa maandishi: jina la kampuni inayorusha (wakala si kampuni), idadi ya watu kwenye kikapu, muda wa kuwa hewani, bima, na sharti la kurudishiwa fedha zote hali ya hewa ikikataa. Vikapu vikubwa hubeba zaidi ya watu 20 na hugawanywa vyumba; vidogo ni ghali lakini kila mtu anapata ukingo wa kuchungulia. Safari ya kawaida huchukua kama saa moja.

Gari hukuchukua hotelini kabla ya mapambazuko. Juni jua linachomoza yapata saa 11 na robo alfajiri, kwa hiyo utaamshwa saa 9 na nusu. Januari jua linachelewa hadi karibu saa 2 asubuhi. Baridi utakayoisikia zaidi ni ile ya chini, mnaposubiri puto lijazwe hewa. Kule juu miali ya jiko inawapasha vichwa, hata kofia nyepesi inatosha. Vaa viatu vya kufunika vidole, suruali, na tabaka mbili tatu za nguo. Kutua ndiyo sehemu ya kuwa makini: rubani akitoa amri, weka simu mfukoni, geuza mgongo upande mnakoelekea, kunja magoti, shika kamba za ndani kwa mikono yote miwili, na usitoke kikapuni mpaka uambiwe. Wanaoumia mara nyingi ni wale waliosimama wima wakirekodi video.

Wajawazito hawachukuliwi, na kampuni nyingi hazipokei watoto wa chini ya miaka 6. Kwa hao, kilima kilicho juu ya Göreme kinatosha kabisa: ukiwa pale maputo yanapita usawa wa macho, na sisi tunaona mandhari ya pale haipungui sana ile ya kikapuni.

Shikamooni. Nina pumu kidogo na naogopa sehemu za kubana, ila mwanangu wa miaka 10 anataka sana kuona mji wa chini ya ardhi. Niingie Derinkuyu au Kaymaklı? Na hao watu walikuwa wanapumua vipi humo?
*Mama, Mombasa*

Marahaba, mama. Ikiwa ni lazima uchague mmoja, chagua Kaymaklı. Ghorofa zilizo wazi kwa wageni ni nne, vyumba vyake vimetandaa kwa upana, na mlango hauko mbali sana nawe popote ulipo. Derinkuyu inashuka takribani mita 85, ghorofa nane zimefunguliwa, na kuna ngazi moja ndefu na nyembamba ambamo watu hupita mmoja mmoja huku wameinama. Ukikutana humo na kundi la watu 40 wanaopanda, unasimama na kusubiri, mgongo umepinda, na hapo ndipo hofu huwapata hata wasioijua. Kaymaklı nayo ina vichochoro vifupi vya kuinama, ila havichukui muda.

Nendeni mlango unapofunguliwa asubuhi, kabla mabasi ya ziara hayajafika; hiyo peke yake inaondoa nusu ya tatizo. Siku za Jumamosi na Jumapili wenyeji nao huwa wengi. Mishale myekundu ndiyo ya kuingia, ya buluu ndiyo ya kutoka. Mwonyeshe mtoto kabla hamjashuka, na mkubaliane kwamba hatangulii kona. Beba pampu yako ya pumu mfukoni, si kwenye begi la mgongoni, kwa kuwa mahali pembamba hutaweza kuligeuza. Ndani ni nyuzijoto 13 hadi 15 mwaka mzima, sweta jepesi linatosha. Moyo ukianza kwenda mbio, geuka mapema, ukiwa bado ghorofa ya kwanza au ya pili. Hakuna aibu, na mwana aendelee na baba au kiongozi.

Kuhusu pumzi: Derinkuyu ina mashimo ya hewa yaliyochimbwa wima, moja likiwa na kina cha mita 55. Hewa ya nje, nzito kwa ubaridi, hushuka, na ile iliyopashwa joto na watu na mifugo hupanda. Baadhi ya mashimo yalikuwa visima pia, na visima vingine havikufika juu ya ardhi kabisa, ili adui asiweze kumwaga sumu. Zizi liliwekwa ghorofa ya kwanza, kwani nani angemshusha ng'ombe mita hamsini? Jikoni utaona dari imekuwa nyeusi kwa masizi hadi leo.

Mwambie mwanao atafute milango. Ni mawe ya duara yaliyosimamishwa ukingoni mwa vichochoro, kimo chake mita moja hadi moja na nusu, uzito wa kilo mia kadhaa. Lilisukumwa kutoka ndani likaziba njia. Kutoka nje halina pa kushika. Katikati lina tundu: la kuchungulia, na la kupitisha mkuki. Wataalamu wa Uturuki wanadhani uchimbaji ulianzishwa na Wafrigia, watu wa kale wa eneo hilo, karne ya 8 au 7 kabla ya Kristo. Wakristo wa zama za Bizanti, yaani dola ya Kirumi ya mashariki, ndio waliopanua sana, wakijificha humo wakati wa mapigano na majeshi ya Waarabu. Wagiriki wa pale waliendelea kuyatumia mapango hayo hadi karne ya 20, walipohamishwa kwa mkataba wa mwaka 1923 wa kubadilishana watu kati ya Ugiriki na Uturuki. Derinkuyu ikasahaulika, ikagunduliwa tena 1963 mtu alipokuwa akibomoa ukuta wa nyumba yake. Ile hesabu ya watu 20,000 mtakayoisikia kwa kila kiongozi ni makadirio tu, na mtu akiviona vyumba vyenyewe ni rahisi kuamini kwamba walikaa kwa muda wa hatari, siku au majuma, kisha wakarudi juu.

Je, hoteli za pangoni zina thamani ya pesa zake? Nimesoma malalamiko ya vumbi na harufu ya ukungu.
*Msomaji, Nairobi*

Zina thamani, kwa usiku mmoja au miwili, ukichagua vizuri. Tufu ina vitundu vingi vinavyofyonza maji. Ikikatwa upya hukwanguka hata kwa kisu, kisha inakauka na kupata ganda gumu kwa kukaa kwenye hewa; ndiyo sababu wakulima waliweza kuchimba chumba kizima kwa sururu. Lakini ganda hilo likiguswaguswa, au chumba kikifungwa wiki nzima bila hewa, unyevu hubaki na chembe huanza kudondoka kutoka darini. Asubuhi unakuta unga mweupe juu ya shuka.

Uliza: chumba kina dirisha linalofunguka? Dari imepakwa dawa ya kushikiza vumbi? Joto linatoka sakafuni au kwa kipasha joto cha ukutani? Na chumba chenyewe ni pango kweli, au ni cha mawe ya kujengwa chenye matao? Aina hizo mbili huuzwa kwa picha zinazofanana. Mwenye mzio au pumu achukue cha matao. Kinapendeza vilevile na kina hewa. Mtandao wa intaneti hufifia ndani ya pango, kuta zina unene wa kutosha kuzuia chochote.

Sisi ni kikundi cha parokia, watu 18. Tunataka kuona makanisa ya mapangoni. Tunaweza kusali humo? Na kwa nini watakatifu wengi wametobolewa macho?
*Katibu wa kikundi, Bukoba*

Ndugu katibu, mnakwenda mahali panapotajwa kwenye Matendo 2:9 na 1 Petro 1:1. Mkitua Kayseri, mmetua Kaisaria ya Mtakatifu Basili Mkuu, askofu wa karne ya 4. Mdogo wake Gregori wa Nisa na rafiki yake Gregori wa Nazianzi ni wa nchi hiyohiyo. Makanisa mtakayoyaona yamechongwa na kupakwa rangi karne nyingi baada yao, mengi karne ya 10 hadi ya 12.

Makumbusho ya wazi ya Göreme, yaliyomo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1985, ndiyo mahali pa kuanzia. Yako kilomita moja na nusu kutoka mjini, kwa mlima. Karanlık Kilise, yaani Kanisa la Giza, lina tiketi yake ya pembeni, lipieni. Mwanga mdogo unaoingia kwa kijidirisha umezihifadhi rangi zake, na ukitoka kwenye makanisa jirani ukaingia humo ndipo unapojua yote yalivyokuwa zamani. Mkitoka msitupe tiketi: Tokalı Kilise, kubwa kuliko yote na lenye buluu nzito isiyosahaulika, liko nje ya geti, ng'ambo ya barabara kuteremka, nalo huingiwa kwa tiketi ileile. Vikundi vingi hulipita bila kujua.

Haya sasa ni makumbusho. Kusali kimya hakuna atakayekukatalia, lakini msiwashe mishumaa wala kuimba humo: masizi hushika kwenye lipu, na pumzi ya watu 18 katika chumba kidogo inaleta unyevu unaoibandua. Ingieni sita sita. Kupiga picha ndani kumekatazwa. Na ukuta usiguswe hata kwa kidole. Michoro mingi imekaa juu ya lipu nyembamba iliyobandikwa kwenye tufu, na tufu ikimeguka, lipu inaondoka nayo. Kwa Kanisa la Mtakatifu Barbara mtaona jambo jingine, alama nyekundu zilizopakwa moja kwa moja juu ya mwamba bila lipu.

Macho yalikwanguliwa baada ya makanisa kuachwa, na watu wa nyakati mbalimbali ambao hawakutaka nyuso zile ziwatazame, au wachungaji na wapita njia waliochezea kuta. Tazameni kwa makini: nyuso za chini, zilizo kimo cha mkono, ndizo zilizoharibiwa zaidi, za kwenye kuba mara nyingi ni nzima. Majina yaliyochorwa juu ya mavazi ya watakatifu yanauma zaidi, kwani baadhi ni ya wageni kama sisi.

Mama yangu ana miaka 71 na magoti hayamruhusu ngazi. Nimwache hotelini?
*Msomaji, Muscat*

Usimwache, kaka. Mpeleke Paşabağı, ambako njia ni tambarare na nguzo ziko kando yake. Bonde la Devrent, ambako mandhari huonekana kutoka barabarani. Na Avanos, mji wa wafinyanzi kando ya mto Kızılırmak, akae atazame udongo mwekundu wa mto ukigeuka mtungi. Ihlara ina lango kuu lenye ngazi karibu 400, hilo si lake. Lakini kijiji cha Belisırma, katikati ya bonde, kinafikiwa kwa gari hadi chini, na mikahawa yake imewekwa juu ya maji yenyewe. Wewe shuka kwa ngazi, tembea kilomita tatu na nusu hivi kando ya mto, mkutane naye Belisırma kwa chakula. Derinkuyu na Kaymaklı aviache. Makumbusho ya Göreme yana mteremko wa mawe na ngazi kwenye kila kanisa, kwa hiyo ataona nje tu.

Kabla ya kulipia hoteli, uliza kuna ngazi ngapi kutoka barabarani hadi chumbani. Hoteli hizi zimepandana mlimani na lifti ni adimu.

Chakula halali kinapatikana? Na tule nini cha huko huko?
*Msomaji, Unguja*

Nyama kwenye mikahawa ya wenyeji ni halali, na misikiti ipo kila mji. Kapadokia hulima zabibu na kutengeneza mvinyo, kwa hiyo mikahawa mingi ya watalii inauza pombe. Mkitaka pasipokuwa nayo, tafuteni sehemu za *ev yemekleri*, chakula cha nyumbani. *Testi kebabı* ni nyama iliyopikwa ndani ya mtungi uliozibwa kisha ukavunjwa mezani. Ya kweli huagizwa saa kadhaa kabla, ikija kwa dakika kumi ujue imepikwa sufuriani na kumiminwa mtungini. Jaribuni pia *mantı*, vifurushi vidogo vya unga vyenye nyama ndani, na mbegu za maboga, ambazo huuzwa kila mahali.

Nataka kutembea peke yangu bonde la Güllüdere na Kızılçukur bila kiongozi. Inawezekana? Hatari ni zipi?
*Kijana wa kupanda milima, Eldoret*

Inawezekana, na tungesema ndiyo siku bora ya safari nzima. Panda dolmuş, mabasi madogo ya kule, ile ya Göreme kwenda Avanos, ushuke Çavuşin. Ingia Güllüdere, pita Haçlı Kilise, kanisa lenye msalaba mkubwa uliochongwa darini, kisha vuka ukingo uingie Kızılçukur, ambako mwamba ni mwekundu kwa sababu ya chuma kilichomo. Tenga saa tatu hadi nne, ukiondoka kama saa 9 alasiri majira ya kuchipua, ili jua la jioni likukute juu.

Kosa la kawaida ni kufuata njia inayoonekana kukanyagwa, ikakufikisha kwenye korongo lililokatika ghafla. Njia nyingi pale zilitengenezwa na maji, na maji hayajali kuruka mita tano. Pakua ramani ya nje ya mtandao kabla, na ukikuta unahitaji mikono yote miwili kushuka, umepotea, rudi ulikotoka. Ukavu wake nao unadanganya: juu ya mteremko wa tufu hukaa changarawe laini inayoteleza chini ya kiatu, hivyo vaa viatu vyenye meno, si raba za mjini. Baada ya mvua kubwa acha siku ipite. Vumbi hugeuka utelezi, na mawe yaliyolowa hudondoka. Wakazi wa Zelve, bonde la jirani, walihamishwa mwaka 1952 kwa sababu hiyohiyo, mapango yao yakiwa yanaporomoka, kwa hiyo usiingie pango lenye ufa mpya mweupe darini hata kama ndani pana michoro. Nguzo usizipande.

Beba maji lita mbili kiangazi, kofia, tochi hata ukienda mchana, na koti, maana Göreme iko kama mita 1,100 juu ya bahari na jua likizama baridi haichelewi. Kwenye kituo cha kutazamia machweo cha Kızılçukur hakuna dolmuş inayofika. Panga na dereva wa teksi asubuhi, mkubaliane bei na saa, na uhifadhi namba yake. Baada ya machweo kila aliye pale anatafuta gari lilelile.